Unataka kujifunza kaiti? Soma hii kabla hujalipa skuli yoyote

Kila kaskazi ikianza kupuliza, kuanzia Disemba hivi, watu wananijaza meseji na swali lilelile, skuli gani ya kaiti nzuri Paje, huku Zanzibar (kaiti ni ule mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao huku unavutwa na tiara kubwa), na kabla sijajibu linakuja la pili, bei gani. Jina la skuli sikupi. Sio roho mbaya, ni kwamba walimu wa kaiti wanahamahama, skuli iliyokuwa na walimu wakali msimu uliopita unarudi unakuta sura mpya zote, na kwa anayeanza skuli ni mwalimu aliyesimama naye kwenye maji na vifaa alivyofungwa mwilini, basi, hayo mengine ya kibanda kizuri na muziki na juisi ya embe ni mapambo. Kwahiyo bora ujue cha kuangalia, uchague mwenyewe. Nitaongelea Paje na Jambiani maana ndio pwani ninayoijua, ila ukiwa Kenya, iwe Diani, Galu, Watamu au kule Che Shale karibu na Mambrui, maswali ni hayahaya, upepo wenyewe ni huohuo wa kusi na kaskazi.

La kwanza, usilipe kwa simu. Najua wanakwambia lipa leo upate punguzo, nafasi zinaisha, usilipe. Lala Paje usiku mmoja, asubuhi upepo ukivuma vizuri nenda pwani, tafuta kivuli cha mvinje, kaa saa nzima uwaangalie wanavyofundisha watu wengine. Saa hiyo moja itakwambia mengi kuliko picha zote za Insta, kwa sababu kwenye Insta wanaweka anayeruka angani, hawaweki mwanafunzi wa siku ya kwanza, na wewe ndio utakuwa huyo mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Sasa umekaa, unaangalia nini?

Anza na wanaporushia kaiti. Kamba za kaiti zina urefu wa mita 20 mpaka 24 hivi, maana yake kaiti ikimvuta mtu au ikianguka inafagia eneo kubwa, kwahiyo upande ule upepo unakoelekea panatakiwa pawe wazi, angalau urefu wa kamba mara mbili, pasiwe na ukuta, mnazi, ngalawa iliyopandishwa wala watu wamelala juani. Paje maji yakijaa, hasa siku za bamvua yanapojaa kupita kawaida, mchanga unabaki ukanda mwembamba tu mbele ya kuta za hoteli. Hapo ndipo utawajua. Skuli makini inasubiri maji yapungue kidogo, wanafunzi wanakaa wanafundishwa vitu vya nchi kavu. Skuli yenye haraka ya hela inarushia kaiti hapohapo, ukuta uko nyuma hatua kumi, na watoto wanacheza mpira katikati.

Halafu muangalie mwalimu anavyopanga kamba. Mwalimu mzuri anazitandika mchangani, anarudi kwenye bari, kile kifimbo unachoshika kuongozea kaiti, anaingiza vidole katikati ya kamba na kutembea taratibu mpaka kwenye kaiti, kamba zinapita kwenye vidole, akigusa fundo hata dogo kama punje ya mchele anasimama, anapiga goti, analifungua kwa kucha. Fundo linapunguza nguvu ya kamba, siku upepo ukija wa ghafla kamba inakatikia palepale. Kamba zikiungwa kinyume, kushoto ikaenda kulia, ndio balaa, kaiti inazunguka haishikiki. Baada ya hapo mwalimu mzuri anamwambia mwanafunzi arudie kazi yote ile yeye mwenyewe. Ukiona vijana wa skuli wanaunga kila kitu chapuchapu, mwanafunzi anakabidhiwa kaiti imeshapanda angani tayari, ujue pale hawafundishi mtu kujitegemea, wanamkodisha burudani.

Muangalie tena mwalimu yuko wapi mwanafunzi akiwa na kaiti. Siku za mwanzo anatakiwa awe karibu, kwenye maji ya kiunoni, mkono uko tayari kushika hanesi, ule mkanda mpana wa mwilini unaokuunganisha na kaiti, kwa nyuma mgongoni. Baadaye mwanafunzi akishaanza kuburuzwa na kaiti umbali mrefu sawa, mwalimu anaweza kukaa mbali kidogo akaongea naye kwa redio ya kwenye helmeti, skuli nyingi siku hizi wanazo na zinasaidia sana maana upepo unameza sauti. Ila mwalimu aliyekaa mchangani na simu, anapiga kelele "vuta, vuta, achia", huyo hapana. Na yule anayemuacha mwanafunzi akachukua kaiti yake mwenyewe akaenda kuruka mbele ya wageni, huyo hata usimsalimie.

Kitu cha mwisho cha kuangalia ukiwa pale kivulini ni nani anamfuata mtu akipotea. Kwenye kaiti anayeanza lazima asukumwe na upepo, Paje wakati wa kaskazi unapelekwa upande wa Jambiani, wakati wa kusi unapelekwa upande wa Bwejuu, na kurudi ni kwa miguu, kaiti mkononi, hiyo kawaida kabisa. Swali ni je, akiangusha kaiti kule mbali karibu na mwamba wa matumbawe, kuna boti? Boti iwe pale majini au ufukweni na injini yake na nahodha wake, sio "tunayo, ipo kwa fundi". Mimi kwenye hili sina msamaha, skuli isiyo na boti wala mpango wowote wa kumtoa mtu majini nampita hata kama mwalimu wake ni malaika.

Upepo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanaoanza wanafikiri upepo mwingi ndio raha. Upepo wa kaiti unapimwa kwa noti, noti 15 ni kama kilomita 28 kwa saa, na kwa mwanafunzi noti 12 mpaka 20 zinatosha sana. Nguvu ya upepo haiendi sawa na spidi yake, spidi ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, yaani kaiti ileile iliyokuwa inakuvuta kistaarabu kwenye noti 12, kwenye noti 24 inakubeba. Ndio maana skuli lazima iwe na kaiti za saizi nyingi, ndogo na kubwa, na ndio maana mwalimu anayekupa ya mita 12 za mraba upepo ukiwa mkali kwa sababu "ile ndogo anaitumia mteja mwingine" anacheza na mwili wako.

Upande upepo unakotoka una uzito kuliko hata ukali wake. Paje inatazama mashariki, kaskazi inaingia kutoka kushoto ukitazama bahari, kusi inatoka kulia, zote mbili zinakusukuma kwa mshazari kurudi nchi kavu, ndio sababu kubwa pale pamekuwa pa kujifunzia. Kinachotisha ni upepo unaotoka bara kwenda baharini. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi wa bara, na siku za mvua za masika au vuli linaweza kupanda wingu zito upande wa magharibi, upepo ukatulia kwanza halafu ukageuka ghafla na kuja kwa nguvu. Wazee wetu wavuvi wakiliona wingu hilo wanashusha tanga. Mwalimu mzuri naye anashusha kaiti zote, mvua haijafika, jua bado linawaka, na wewe umelipia saa zako na una hasira. Muulize kabla: siku gani ya mwisho ulikataa kumuingiza mwanafunzi majini, na kwa nini? Akikujibu haraka na kisa kamili, upepo ulikuwa hivi, maji yalikuwa vile, ni mtu wa kazi. Akikwambia "sisi tunafundisha kila siku bila shida", hapo ndipo shida ilipo.

Maji nayo yana ratiba yake. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwahiyo skuli inayokwambia "darasa ni saa tatu asubuhi wiki nzima" haisomi bahari, inasoma saa ya ukutani. Maji yakipwa sana Paje unaweza kutembea mbali mpaka unaukaribia mwamba, yanabaki mabwawa, mawe na wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambao ukiwakanyaga unachechemea wiki nzima. Saa nzuri za anayeanza ni maji yakiwa ya kiunoni kwenye mchanga msafi, na skuli inayojua kazi itakupangia kwa saa hizo, leo asubuhi, wiki ijayo alasiri.

Na mwani jamani. Mwani unalimwa Paje na Jambiani tangu 1989, mashamba ni ya kinamama, pegi zimechomekwa chini na kamba zimefungwa baina yake, maji yakijaa huoni kitu. Mwanafunzi akiburuzwa pale anajiumiza na anaharibu riziki ya mtu. Uliza mwalimu akuonyeshe kwa kidole mashamba yako wapi na njia ya ngalawa za wavuvi iko wapi. Asiyejua, au anayecheka kwamba "hao watahama", mimi simpi hela yangu, kwa heshima ya kinamama wale na kwa sababu mtu asiyewajua majirani zake hata pwani yenyewe haijui.

Tuje kwenye vyeti. Kuna shirika la kutoa vyeti vya kaiti linaitwa IKO, lipo tangu 2001, ndilo utakaloliona kwenye mabango mengi huku kwetu, Wajerumani wana VDWS yao, Waingereza wana BKSA. Bango peke yake halikutoshi. Skuli inaweza kuwa imeandikishwa lakini kijana utakayepewa hajasomea kufundisha, au ni msaidizi tu ambaye alitakiwa afundishe chini ya macho ya mwalimu kamili. Omba jina na namba ya kadi ya mwalimu wako mwenyewe, sio ya mwenye skuli, halafu angalia kwenye tovuti ya shirika kama leseni iko hai. Mwalimu wa kweli hakasiriki ukimuomba, wengine wanakutolea wenyewe. Muulize na huduma ya kwanza amesomea lini, na sanduku la dawa liko wapi, akuonyeshe, maana kutoka Paje mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni mwendo wa saa nzima kwa gari.

Hapa kuna kitu lazima nikiseme. Wageni wengi wanaambiwa wajihadhari na vijana wa pwani, eti hawana vyeti. Ni kweli kuna kijana anaruka kaiti kama samaki lakini hajui kumfundisha mtu anayeogopa, na kuna anayekuita pembeni akufundishe nusu bei kwa kaiti ya kuazima, huyo mkwepe, ikitokea ajali hakuna boti, hakuna bima, hakuna mtu wa kumuuliza. Lakini walimu kadhaa wazuri sana wa pale Paje ni hao vijana wa pwani wa jana, waliosoma wakapata leseni, na wanasoma maji na mawingu kuliko mzungu aliyeshuka juzi. Ukipata mwalimu mzawa mwenye leseni mchukue mbio, tena atakufundisha kwa Kiswahili, na siku kaiti inakuvuta na moyo unadunda utafurahi kuambiwa "achia!" kwa lugha unayoitia akilini bila kufikiri.

Vifaa. Huna haja ya kuwa mtaalamu, shika vitu vichache tu. Kwenye bari, pale inapoungana na hanesi yako, kuna kishikio chekundu cha dharura, wenyewe wanakiita kwikirilisi. Ukikisukuma kwenda mbele kaiti inakosa karibu nguvu yote na kuanguka, inabaki imening'inia kwa kamba moja ya usalama, na kamba hiyo nayo ina kishikio chake cha kuiachia moja kwa moja kama bado inakuvuta. Mifumo hii ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 21853, kilichotoka 2020, kwahiyo bari za zamani sana zilizochoka ziulizie. Muombe mwalimu akufungulie mbele yako. Ifunguke kwa mkono mmoja, mara moja. Mara nyingi inagoma kwa sababu ya mchanga na chumvi vilivyokauka ndani, utasikia inakwaruza, na hiyo inakwambia skuli haisuuzi vifaa kwa maji yasiyo na chumvi jioni. Halafu fungua mwenyewe. Halafu fumba macho, fungua tena. Skuli nzuri inakufanyisha hivyo kabla hujaingia majini hata kama hujaomba.

Kaiti kuwa na viraka sio tatizo, kaiti ya skuli inapata tabu kila siku, bora kiraka kishonwe vizuri na isivujishe upepo. Helmeti ikae, ukitikisa kichwa isizunguke. Laifu jaketi iwe saizi yako na ikae vizuri pamoja na hanesi bila kukupanda shingoni. Bei ya vyote hivi iwe ndani ya bei ya mafunzo, anayekutoza helmeti mbali mshangae.

Sasa hela, maana najua ndio mlichosubiri. Bei Paje zinatajwa kwa dola au yuro, na ukiwa Mtanzania au mkaazi uliza bei ya mkaazi, wengine wanayo lakini hawaiandiki popote. Usilinganishe jumla, linganisha saa. Uliza hivi: saa ngapi jumla, na saa inaanza kuhesabiwa lini, nikishika kaiti au wakati tunapiga pampu? Tuko wangapi kwa mwalimu mmoja, na kaiti ngapi? Wawili mkipokezana kaiti moja ni sawa na tena unapumzika, unajifunza kwa kumuangalia mwenzio, ila kozi ya saa sita hapo maana yake umeshika kaiti saa tatu. Wanne mnaoanza kwa mwalimu mmoja mimi naona ni wengi, zaidi ya hapo ondoka. Na upepo usipokuja? Hili andikiana nao, hata WhatsApp inatosha, kwamba saa ambazo hujafundishwa utarudishiwa hela au utapangiwa siku nyingine. Weka amana ndogo, ingine lipa ukiendelea. Fomu ya kusaini isome, na bima yako ya safari isome vilevile, nyingi zinaitoa kaiti kwenye orodha kwa herufi ndogo kabisa.

Usidanganywe na "utasimama siku ya kwanza". Siku ya kwanza mtu anajifunza upepo, vifaa, kurusha na kutua, kaiti ndogo, na ile kwikirilisi. Ya pili anaburuzwa na kaiti kwa kifua majini, bila ubao, mpaka aweze kwenda kinyume na upepo kuufuata ubao uliompotea. Kusimama kunakuja baada ya hapo, wengi wanahitaji kama saa 9 mpaka 12 ndio waanze kwenda mbele, wengine zaidi na hamna aibu. Kwenye kozi hiyo lazima kuwe na somo la kujiokoa, kukunja kamba kwenye bari ukiwa majini mpaka uifikie kaiti, kisha ukaigeuza tanga ikurudishe nchi kavu. Uliza tu, "kujiokoa mnafundisha lini?" Ukisikia "hiyo ni ya baadaye sana" ujue haipo.

Na wao wakuulize wewe. Skuli isiyokuuliza kama unajua kuogelea ikimbie. Sisi wa huku tunaona haya kusema hatujui, hasa aliyekulia bara, lakini kaiti sio pa kuonea haya, sema ukweli, tafuta mtu akufundishe kuogelea kwanza, kaiti itakusubiri. Wakuulize pia uzito, maana saizi ya kaiti inategemea kilo zako, bega lililowahi kuchomoka, pumu, mimba.

Ukishaanza bado hujafungwa. Kama baada ya somo la kwanza mwalimu anakufokea, au ulimwambia naogopa akacheka, nenda ofisini uombe mwalimu mwingine kwa upole tu, "samahani kaka, naomba nibadilishiwe", skuli iliyo sawa inabadilisha bila maneno. Ukimaliza dai kadi yako yenye ngazi uliyofikia, usiondoke na ahadi ya kutumiwa, kwani ukienda kukodi vifaa pengine, Diani au hata nje ya nchi, watakuuliza hiyo kabla ya kukupa kaiti. Kusi inavuma vizuri Juni mpaka Septemba, kwahiyo maswali yote haya anza kuuliza Mei, bado mvua mvua, skuli hazina watu na walimu wana muda wa kukujibu kwa kirefu.